Kikombe cha Mama wa Navakholo

Ilikuwa Jumanne ya Agosti 1994, saa tatu asubuhi, mke wangu alipokuwa akifunga mzigo wa kwenda kulazwa. Alikuwa anaenda kupasuliwa rovu, ule uvimbe wa shingoni, na aliogopa sana kufia huko peke yake. Siku hizo mgonjwa alijibebea blanketi, beseni, kijiko na kikombe. Yeye alitia vikombe viwili.

"Mama, cha pili ni cha nani?" nilimuuliza.

"Cha mwenzangu wa kitandani. Ni mama mzee wa Navakholo. Hana chake."

"Umemjulia wapi, na hata kitanda hujapewa?"

Alikaza fundo la leso. "Nimemwota usiku. Twende, Baba. Ananingoja."

Wodini wagonjwa walilala wawili wawili, kichwa huku, kichwa kule. Muuguzi alimwonyesha kitanda cha dirishani. Kikongwe aliyekilalia alikunja miguu, akanyosha mkono kabla ya salamu.

"Umekawia, binti yangu. Leta kikombe."

Nilimuuliza kwao ni wapi.

"Navakholo," alijibu, akinishangaa.

Mke wangu alicheka. "Si nilikuambia? Wewe huaminingi."

Alhamisi mke wangu hakuamka baada ya kupasuliwa. Muuguzi aliniambia kikongwe naye alikata roho saa ile ile.

Mimi ni mtu wa kanisa, sifuati ndoto. Ila nilinung'unika kwamba tumepewa nusu ya kitanda, kumbe mwenye hofu alikuwa amepewa mwenzi wa safari.

Ee Bwana, wapumzishe wote wawili, na huko kwako kila mmoja apate nafasi ya kujinyosha. Amina.