Kitabu Kilichovunja Maneno

Mamamkwe alikifunga kitabu, akakisukuma mezani kama sahani ya chakula kilichochacha.

"Basi, mwanangu. Kichwa changu kimekauka. Kesho siendi darasani."

Mkamwanawe, aliyekuwa akimenya vitunguu, alishtuka. Bibi huyu alikuwa amejikaza kisabuni tangu darasa la watu wazima lilipoanza, akisoma silabi moja moja.

"Kimekushinda wapi, mama?"

"Hapa. Wan. Wan ndiyo nini?"

Mkamwana aliinama, moyo ukampiga paa. Mwishoni mwa mstari palikuwa na "wan-", na "awake" imeshuka chini. Kurasa zile alizipanga yeye mwenyewe kwenye kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi. Kompyuta ilikuwa imeachwa ikate maneno kwa kanuni za Kiingereza, ilhali mwanafunzi amefundishwa kupumzika kwenye irabu. Mtu mzima apige moyo konde ajifunze, halafu mashine imvunjie neno mdomoni. Na wenye ofisi wauite huo unadhifu!

Asubuhi alimkabili meneja wa kiwanda kuhusu maneno yale yaliyokatwa, maana kitabu kilikuwa kinarudi mtamboni siku hiyo kuchapwa upya.

"Toleo la kwanza limeisha lote. Nani amelalamika?" meneja aliuliza.

"Wasiojua kusoma walalamike vipi, bosi? Wakuandikie barua?"

Meneja alicheka bila kutaka. "Ukiizuia kompyuta isikate maneno, ukingo wa kulia utakuwa kama mdomo wenye mapengo."

"Mwenye mapengo si anasema na anaeleweka? Maneno marefu nitayakata mwenyewe, baada ya irabu."

"Haya, dada. Ila mtambo haukungoji."

Alipitia mstari baada ya mstari bila kuinua kichwa, chai ikamwia barafu mezani. Fundi wa mtambo alipokuja kugonga mlango, kazi ilikuwa tayari. Jioni akarudi nyumbani na kurasa za majaribio.

"Nilishakwambia siendi," mamamkwe alinuna.

"Usiende, mama. Nisomee tu mimi nikipika."

Bibi alivuta miwani shingo upande. "Wa-na," kidole kikafika ukingoni, kikashuka, "wa-ke." Hakusita. Aliendelea polepole hadi chini ya ukurasa, kisha akapiga meza.

"Huyu mwanamke wa kitabuni kamwacha mtoto mchanga kwa jirani asiyemjua! Ana akili kweli?"

"Ikawaje baadaye?"

"Ngoja, unanivuruga," alisema mamamkwe, akageuza ukurasa.