Mama Maiki na Swali la Paa Jeupe

Ukitaka kumuudhi Mama Maiki, mwambie kazi yake ni kubeba maiki. Atakutazama kuanzia viatu mpaka nywele, halafu atakuuliza kama daktari wa meno naye kazi yake ni kubeba koleo. Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye mafaili ya utumishi na linakaa humohumo. Chuoni hata mkuu wa chuo humwita Mama Maiki, naye huitika.

Mwaka wa kumi na tisa huu, kila Jumatano saa kumi alasiri, chuo hufungua ukumbi wake mkubwa kwa mhadhara wa wazi. Bango mlangoni linasema kiingilio bure, watu wote mnakaribishwa. Anakuja mgeni, anapanda jukwaani, anazungumzia mambo yanayoitesa dunia: maji yanayopungua, joto linalopanda, taka, udongo uliochoka. Akimaliza, watu wanauliza maswali, na hapo ndipo Mama Maiki anapoingia kazini na raba zake zisizotoa kishindo.

Chuoni aliingia kama mfagizi. Siku moja mshika maiki aliugua, yeye akaambiwa hebu shika hapa kidogo. Siku hiyohiyo akafanya kosa ambalo mpaka leo likitajwa anakunja uso: alimkabidhi maiki bwana mmoja wa tai nyekundu. Bwana yule akaipokea kwa mikono miwili, akaanza kusimulia maisha yake tangu darasa la kwanza. Dakika ishirini na sita. Mgeni akaachwa na ndege. Tangu hapo Mama Maiki akajiwekea sheria kwamba maiki haiachwi. Wewe toa sauti, kazi ya kushika aachiwe yeye. Inakaa shibiri moja kutoka mdomoni mwako, na ukianza kuzunguka mbuyu, utaiona inarudi nyuma taratibu yenyewe.

Na mikono anaijua, usimtanie. Mkono ulionyooka mpaka juu huku mwenyewe anageukageuka kuona nani anamwona, huyo ana hotuba. Mkono ulioinuliwa nusu, kiwiko kimebana ubavu, huyo ana swali. Kwa miaka yote hiyo amekosea mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa mhadhiri wa falsafa.

Nyumbani mumewe ni fundi baiskeli, mtu wa maneno machache. Mwenye maneno ni mama mkwe, bibi wa miaka themanini na mguu mmoja mbovu, ambaye kila Jumatano humngojea dirishani. "Haya mkwe, leo dunia imesemaje?" Mama Maiki humwaga yote huku anavua raba. Bibi husikiliza nusu nusu, kisha humkatiza: "Hayo ni ya mgeni. Watu je, wameuliza nini?" Hapo ndipo huvuta kiti.

Sasa, Jumatano ninayoisimulia, saa nane mchana, mratibu wa mihadhara alimkuta Mama Maiki stoo akibadilisha betri. Mratibu huyu alikuwa binti mgeni kazini, mchapakazi, hana ubaya, ila alikuwa na haraka ya kuifanya dunia iwe mpya kabla ya Ijumaa.

"Mama, leo tunaanza utaratibu mwingine," akasema. "Maswali yataulizwa kwa simu. Watu wanapiga picha kile kimraba cha vidoti kwenye skrini, wanaandika swali, wenzao wanalipigia kura. Lenye kura nyingi ndilo linajibiwa. Leo ni majaribio. Likienda vizuri, maiki ya ukumbini tunaipumzisha, na wewe tunakuhamishia huku stoo. Kazi nyepesi. Utakuwa umekaa."

"Na asiye na simu ya kupiga picha vidoti?"

"Siku hizi kila mtu anayo, mama."

Mama Maiki alifunga kifuniko cha betri kikalia tak. Iliuma, kwa nini tufiche. Si habari ya kukaa stoo. Miguu yake yenyewe ingeshukuru. Iliuma kwa sababu alikuwa anajua ni nani asiyekuwa nayo. Alikuwa anamjua fundi mabati, hakosi Jumatano, anakaa safu ya tatu kutoka nyuma na simu yake ya vitufe iliyofungwa mpira. Alikuwa anamjua dobi wa bweni la wanafunzi, yule mama anayeingia kwa kunyata na mikono bado imekunjamana kwa maji. Watu wanaokuja kila wiki, wanasikiliza mpaka neno la mwisho. Hao ndio wangenyang'anywa midomo, naye angekuwa anahesabu viti.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Lakini betri nimeshaweka mpya."

Saa kumi ukumbi ulikuwa umejaa, na kiyoyozi kilikuwa kimekufa tangu Jumatatu. Mgeni alikuwa profesa wa joto la mijini, mwanamke mfupi, sauti nzito, anajua anachosema. Akaeleza jinsi zege na bati vinavyolimeza jua mchana kutwa. Akasema dawa mojawapo ni rahisi: pakeni mapaa rangi nyeupe, yalirudishe jua lilikotoka. Watu wakapiga makofi huku wanajipepea kwa vipeperushi.

Mratibu akawasha skrini. Swali la kwanza, kura thelathini na nane: slaidi zitapatikana wapi? La pili, kura thelathini na moja: je, kutakuwa na cheti cha kuhudhuria? La tatu, kura ishirini na tisa: kiyoyozi kimekuwaje?

Profesa akayajibu yote matatu kwa dakika moja, na la kiyoyozi akasema hata yeye angependa kujua. Ukumbi ukacheka. Mratibu akabonyeza, akabonyeza tena. Likaja la nne, lilikuwa lilelile la cheti.

Na muda wote huo, safu ya tatu kutoka nyuma, mkono wa fundi mabati ulikuwa juu nusu, kiwiko kimebana ubavu.

Mama Maiki akamtazama mratibu. Mratibu akatikisa kichwa kumkataza. Basi Mama Maiki akavua miwani yake, akaitia mfukoni, ili kesho akiulizwa aape kwa haki kabisa kwamba hakuona kitu. Akapanda ngazi za katikati na maiki yake.

"Shikamoo, profesa," fundi mabati akaanza. "Hilo la rangi nyeupe lilisemwa hapahapa mwaka juzi. Nikaenda nikapaka mapaa matatu, moja langu. Ni kweli tupu. Mwaka wa kwanza mke wangu alilitoa blanketi sandukuni. Mwaka wa pili vumbi likatanda, paa likawa rangi ya kahawa, joto likarudi. Kuliosha likaosheka nahitaji ndoo arobaini. Na mwezi uliopita profesa mwingine alisimama hapohapo uliposimama, akatuambia maji yanakwisha, tusimwage hata ndoo moja. Nyote wawili nimewaamini. Sasa nishike lipi?"

Maiki haikurudi nyuma hata unywele.

"Huyo profesa wa maji," profesa akasema, "milango ya ofisi zetu inatazamana. Mwaka wa sita huu. Hili hatujawahi kuulizana." Akachukua kalamu, akashuka jukwaani, akaja mpaka kwenye ngazi. "Jibu sina. Ndoo arobaini, una uhakika?"

"Kwa paa la vyumba viwili. Nimepanda nazo mwenyewe."

Kabla profesa hajaandika, mkono mwingine ulikuwa juu, nusu, umekunjamana. Mama Maiki akavuka safu mbili, akamfikia dobi.

"Mimi maji ya suuza ya mwisho namwaga kila siku," dobi akasema, akiikwepakwepa maiki. "Ndoo hamsini, siku za mashuka zinafika sitini. Ni safi, hayana povu. Yanaingia mtaroni nikiyatazama. Huyu kaka aje na ndoo zake."

"Bwenini kwenyewe paa likoje?" akauliza fundi, bila maiki, watu wakalalamika hawamsikii. Mama Maiki akarudi kwake. Dobi akajibu, hakusikika. Mama Maiki akaenda kwake. Huku mikono ilikuwa inachipuka kila pembe, na yote, kwa macho yake yasiyo na miwani, ilikuwa nusu. Akasimama katikati ya ngazi, pumzi zinamwenda mbio, moyo umemjaa furaha. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu enzi za tai nyekundu. Akaiweka maiki mkononi mwa fundi mabati, akamwambia, "Shika. Zungusha na wenzako," naye akakaa kwenye ngazi, chini, kupumzisha miguu.

Mhadhara ulipitiliza kwa dakika arobaini. Hakuna aliyeulizia cheti.

Ukumbi ulipokuwa mtupu, mratibu alikuja na simu yake mkononi, uso hausomeki. Mama Maiki alikuwa anakunja nyaya za skrini, tayari kwa lolote. Kama ni stoo, basi ataingia stoo kichwa juu.

"Mama, maiki iko wapi? Nilitaka kuifungia kabatini."

Mama Maiki akapapasa mfuko wa kulia, akapapasa wa kushoto. Akakitazama kitako cha kuwekea maiki pale mezani, kitupu. Miaka yote hii ya sheria yake, na mara moja tu aliyoiachia, imepotea. Alikuwa anatafuta neno la kusema wakati spika kubwa za ukumbini zilipokoroma, zikasema zenyewe:

"Dada, paa la bweni nimeliona, lile peke yake linakula ndoo mia."

"Basi tuanze nalo Jumamosi. Kuna mashuka."

Ilikuwa sauti ya fundi mabati, kutoka uani, maiki ikiwa mfukoni mwa shati lake, haijazimwa. Ikafuata ya dobi, kisha sauti nzito ya profesa ikiuliza kama Jumamosi na yeye anaweza kuja, na kama amlete jirani yake wa maji. Mtu mwingine akasema ana ngazi ndefu.

Mratibu alikuwa ameshafika nusu ya njia kuelekea mlangoni. Akasimama. Akasikiliza mpaka walipofika kwenye habari ya nani atashika ngazi. Kisha akarudi taratibu, akavuta kiti cha safu ya mbele.

"Hizo betri, mama," akauliza, "zitadumu mpaka saa ngapi?"

"Si nilikwambia nimeweka mpya."

"Jumatano ijayo weka mpya tena," mratibu akasema, akaketi.

Mama Maiki akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akakaa kiti cha kando yake. Mama mkwe angemngojea kidogo. Leo watu walikuwa bado wanauliza.