Bobi, Baba Posta na Barua za Mado

Enzi zetu Jeppestown, hapa Johannesburg, saa nane mchana ilikuwa na sauti yake: kwanza filimbi ya Baba Posta juu ya baiskeli, kisha Bobi, mbwa wa mwenye nyumba, akibweka kana kwamba anaibiwa mifupa. Ua wetu ulikuwa na vyumba sita na lango moja la bati. Sisi watu wa Tanga hatukumgusa Bobi. "Akikulamba utajiosha mara saba," mama alikuwa akisema, "na maji utachota mwenyewe." Kwa hiyo kumfunga mnyororo kabla ya filimbi ilikuwa kazi ya Mado, binti wa majirani zetu kutoka Lubumbashi.

Mado alipata barua karibu kila wiki. Baba yake alibaki kwao, akimwandikia kwenye karatasi nyembamba zenye harufu ya sabuni. Alizisoma barazani kwa sauti, huku akitafuna magwinya, maandazi ya huku, ya moto kutoka spaza, kiduka cha mtaani, mafuta yakichuruzika hadi kiwikoni. "Weye, papa yako haandikake?" aliniuliza siku moja, bila ubaya wowote. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la Durban, na barua zake zilikuwa adimu kama mvua ya Juni hapa Joburg. Nikamwonea wivu.

Basi nikavaa mfuko wa plastiki mkononi, na Mado alipokwisha kumfunga Bobi, mimi nikamfungua. Filimbi ikalia, Bobi akarukia langoni, Baba Posta akarudi nyuma na baiskeli yake. "Eish, fungeni mbwa wenu! Mbwa akiwa hajafungwa, barua zinarudi posta." Akaondoka na begi lake. Wiki mbili nzima nilifanya hivyo. Kila jioni Mado aligombezwa na mama yake, naye akiapa, "Mama, nilimufunga!" Mimi hakuna aliyenitazama. Nani angemshuku mtoto wa Tanga kumgusa mbwa?

Mwishowe mama akaenda posta mwenyewe, akarudi na bahasha tatu. Mbili za Mado. Moja yetu, mwandiko wa baba: Jumamosi lori litapita Johannesburg, litasimama kwa muda mfupi kituo cha mafuta, njooni nimwone mwanangu.

Jumamosi hiyo ilikuwa imeshapita.

Mama aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda kupika. Mado akaja kukaa kando yangu, akanipa barua yake moja. "Soma ya kwangu," akasema. Nikaisoma yote. Nikaikunja, nikamrudishia. Baba alirudi mwisho wa mwaka, akaniletea viatu vizuri vyekundu. Havikuniingia.

Watoto wetu leo wananuna kwa sababu ya tiki mbili za buluu zisizojibiwa, wanadhani huko ndiko kungoja. Baba Posta hapiti tena mtaani. Mbwa wa Joburg wamebaki kuzibwekea pikipiki za piza, na piza haina mwandiko wa mtu. Mado anaishi Braamfontein, ana kopo la biskuti limejaa barua za baba yake. Kila tukikutana hulifungua, hutikisa kichwa. "Dada, Bobi alikuwa mubaya sana!" Tunacheka. Bado namwonea wivu: kwa kopo lile, na kwa kuwa yeye anaweza kumlaumu mbwa.