Chetezo Kabla ya Kahawa

Sukari ikichemka na maji ya mawaridi, kuna pahala pamoja tu inaponukia vizuri. Ukiipitisha hapo imeungua, na udi wote uliomo ndani unakuwa mchungu. Harufu hiyo ndiyo iliyonilea mtaani Wadi Kabir, Uarabuni, zama zile tulipokuwa bado wageni kutoka Unguja na Kiarabu chetu kinachekwa sokoni. Mama yangu, Bi Zaina binti Nasoro, alipika udi wa maharusi uani kwetu, lakini aliyelinda sufuria alikuwa Mbaruku, mtu wa mji wa Qurayyat. Mbaruku alizaliwa mwanamume, akavaa kanzu ya rangi ya zafarani, akakaa na wanawake, na wanawake hawakujifunika mbele yake. Moyo wake ulikuwa kwa wanaume, na mtaa mzima ulijua. Jirani yetu Bi Asha binti Khalfani akimtania, "Mbaruku shoga yangu, utaolewa lini?" naye akimjibu macho yakiwa sufuriani, "Siku utakayonipa mumeo, bibi." Wakicheka, na mimi nikicheka nao bila kujua nnachekea nini.

Msimu nnaousema ni ule wa harusi ya dada yangu Salma. Nguo zake zilitundikwa juu ya fito, chetezo kikiwa chini, moshi ukipanda taratibu ndani ya hariri, na Mbaruku akizigeuza moja moja kama anayegeuza mtoto mchanga. Alasiri moja akaja Seif bin Rashidi, ami yake bwana harusi, na wanaume wawili nyuma yake, Hamedi na Saidi. Hawakusema wanajia nini. Walikaa barazani na baba yangu, Abdalla, mtu mpole aliyechelea kuudhi hata paka. Mimi nilikuwa na sinia ya halua mkononi. Niliiweka chini, kisha nikasimama nyuma ya pazia kungojea vikombe, maana kazi ya vikombe ilikuwa yangu. Seif hakugusa halua. Alisema kwa sauti ndogo, na sauti ndogo ile ilinitisha kuliko kelele.

"Abdalla, nguo za bibi harusi wetu hazifukizwi na khanithi. Atoke, na atoke mbele ya macho yetu. Hatunyanyuki hapa mpaka tumwone anashika njia. Ukikataa, harusi hakuna."

Baba aliangalia mkeka. Nikamsikia Saidi akicheka puani. Nyuma yangu, uani, nguo hazikuwa zikigeuzwa tena; Mbaruku alikuwa amesikia. Mtu kama yeye hakuwa na duka. Riziki yake yote ilikuwa ndani ya nyumba za watu, na nyumba yetu ikimtoa kwa fedheha, nani tena angemfungulia mlango? Na dada yangu yuko chumbani na hina mbichi mikononi, hawezi hata kujifuta machozi.

Mama alikuwa kasimama karibu yangu na birika la kahawa. Akalirudisha jikoni. Akamwambia Mbaruku, "Tia makaa."

"Bi Zaina, hawajanywa kahawa."

"Nimesema tia makaa. Na upeleke wewe mwenyewe."

Kwetu mgeni huletewa halua, kisha kahawa, kisha hunyunyiziwa maji ya mawaridi, na mwisho kabisa ndipo huja chetezo. Kikishazunguka, mgeni anainuka. Haambiwi mtu, anajua. Na kukikataa ni kuitukana nyumba mbele ya mwenyewe. Mbaruku alilijua hilo kuliko sisi sote. Kaa moja likamponyoka, likaanguka mchangani. Akaliokota kwa koleo, akalipuliza, akatia udi wa Salma juu yake, akapita pazia.

Nilichungulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Seif, akapiga goti, akamnyooshea chetezo. Moshi ulisimama baina ya nyuso zao. Seif hakusogea. Hamedi alimwangalia Seif, Saidi aliacha kucheka. Nilidhani atakipiga teke, makaa yaruke mkekani, na mimi ndiye niliye karibu. Kisha nikamsikia Seif akiuliza, si kwa Mbaruku, kwa baba, "Udi huu kaupika nani?"

Baba akainua uso. "Kaupika Mbaruku. Na nguo zote kazifukiza yeye."

Seif akashika pindo la kanzu yake, akalipitisha juu ya moshi mara moja, upesi kama anayejiunguza. Akanyanyuka. Wenzake wakanyanyuka. Hakuna aliyeaga. Tukakaa na hofu mpaka siku ya harusi, hatujui kama kuna bwana harusi. Alikuja. Seif hakuja. Mbaruku alibaki jikoni siku ile, hakutaka kuonekana, na akapika udi kwetu miaka mingi mpaka alipokwenda kufia kwao Qurayyat.

Leo mjukuu wangu Zuwena anachanganya manukato katika fleti ya Ruwi, pamoja na Thuraya, mwenzake anayeishi naye. Wanauza kwa simu, na vichupa vyao vimo katika mikoba ya wanawake wa ukoo wetu wote. Zamani walimtaja Mbaruku mpaka usoni mwake, kwa utani na kwa matusi. Hawa hatajwi hata mmoja. Watu wananyamaza, na wenyewe wanasikiliza kila hatua inayopita ngazini. Sijui woga upi ni mzito. Wameninunulia chetezo cha umeme, kizuri, nakitumia. Lakini mwanangu Hilali, baba yake Zuwena, kanipigia simu kwamba Ijumaa atakuja na mashemeji zake, wana neno na mimi juu ya watoto wale wawili, na atawaleta wenyewe walisikie. Nimekitoa kabatini chetezo cha udongo cha mama. Makaa nimeshayaanika. Kahawa sitapika.