Mzee Aliyeogopa Kunywa Maji

Wiki iliyopita nilikwenda hospitalini Musoma kumjulia hali jirani yangu. Kitanda cha pili alilala mfugaji wa Mugeta, aliyevunjwa mguu na ng'ombe mpaka mfupa ukatokeza nje. Kidonda kilitunga usaha, akawa anachomwa sindano za antibayotiki. Aliyemuuguza ni mke wa mwanawe.

Daktari akaja na majibu ya damu.

"Mzee, figo zako zimeanza kuumia. Hizi sindano ni hatari mwili ukikosa maji. Unakunywa?"

Mzee akageukia ukutani. "Nilikuwaga nakunywa."

"Umeacha kwa nini?"

Akanong'ona, "Nikinywa nitakojoa. Na chupa ya mkojo atanishikia nani, daktari? Huyu ni mkwe wangu."

Mkwe alisikia. Akajiziba mdomo kwa kanga, akatoka hadi barazani, akampigia simu mumewe: "Njoo leo. Baba anakufa kwa aibu."

Daktari alibadilisha dawa, akamtundikia dripu. Mwana akafika jioni kutoka Bunda. Jana niliambiwa figo zinarudi vizuri.

Hospitali huandika mgonjwa amekojoa kiasi gani. Ingefaa waulize pia nani anamshikia chupa.