Hadithi ya Mgomba Iliyosimuliwa Mchana

Wenzangu mliokulia vibanjani, kwenye mashamba ya migomba, enzi zetu mtanielewa nikisema kwamba kuna hadithi tulizozipenda na kuna hadithi tulizozishuku. Za kupenda zilikuja jioni, tumeshiba, nyasi mbichi zimetandazwa chini, moshi unatuwasha macho, na Bibi anaigiza sauti ya fisi mpaka mdogo wangu Kemi anajificha mgongoni kwangu. Hizo hazikumdhuru mtu. Fisi alitumbukia shimoni, sungura akacheka, sisi tukaenda kulala.

Hadithi ya mgomba ilikuwa nyingine kabisa. Hiyo Bibi aliisimulia mchana, jikoni, wakati wa kumenya ndizi. Sasa jiulize mwenyewe: mtu ambaye siku zote hukataa kusimulia kabla jua halijazama, akidai mtoto anayesikia hadithi mchana ataota mkia, kwa nini leo asimulie saa nane, jua linawaka, tena bila kuombwa?

"Kulikuwa na mgomba," alianza, macho kwenye ndizi, kisu kikiendelea na kazi. "Mgomba huo ulitoa machipukizi mengi kwenye shimo moja, yakawa yananyang'anyana udongo. Mwenye kibanja akachagua moja, akaling'oa taratibu, akalipanda mbali, mahali penye nafasi. Likalia siku tatu. Siku ya nne likatoa jani jipya."

Basi. Hakuna fisi, hakuna wimbo, hakuna mahali pa kuitikia. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka saba, na wiki ile ile kaka yetu mkubwa akapelekwa kwa baba mdogo mjini Bukoba, asomee huko. Mara ya pili akaondoka binamu yetu tuliyekuwa tukilala naye kitanda kimoja. Na mara hiyo Bibi alikuwa amesema chipukizi lililochaguliwa "liliinama kidogo upande mmoja." Binamu yetu alikuwa anachechemea. Nikaunganisha mambo. Tangu siku hiyo, nikimwona Bibi anakohoa kabla ya kumenya ndizi, nahesabu tuliobaki.

Kumuuliza mtu mzima ilikuwa kazi bure. Mama alisema tu, "Wewe menya ndizi, mambo ya wakubwa yaache." Kwa hiyo tukawa wapelelezi. Kila neno la Bibi tulilipindua kuona chini yake kuna nini. Siku moja alilalamika kuhusu kuku anayekataa kurudi bandani mapema, na watoto wote wa nyumba ile tukarudi nyumbani saa kumi na moja kamili wiki nzima, tumekaa kwa adabu. Kumbe alikuwa anamsema kuku.

Mara ya tatu nilikuwa na miaka kumi, Kemi minane. Ilikuwa Jumanne. Bibi akakohoa, akaanza. Akafika kwenye kuchagua, akasema, "Akachagua lile lenye kelele. Lile ambalo upepo ukipita kidogo tu, majani yake yanapiga domo."

Kisu kikanisimama mkononi. Kijiji chetu kizima cha Rubafu kilijua nani anapiga domo. Kanisani nilikuwa nimeshahamishiwa benchi la mbele mara mbili ili katekista anione vizuri. Na tulikuwa tumesikia kwamba Shangazi Koku, dada yake Baba, atakuja Jumamosi. Shangazi aliolewa mbali, Kimwani, upande wa Muleba, safari ya kutwa nzima kwa basi na miguu, na hakuwa amejaliwa mtoto. Hapakuwa na haja ya mwalimu kunifafanulia.

Nikafunga mdomo. Siku nne sikusema zaidi ya "ndiyo" na "hapana." Mama alinigusa paji la uso, akanikamulia yale majani machungu ya omubirizi, nikanywa bila hata kulalamika, jambo lililomtisha zaidi. Na katika ule ukimya wangu, Kemi akaanza kuongea. Kemi ambaye siku zote alijificha nyuma yangu! Akaongea kuhusu mbuzi, kuhusu senene, kuhusu meno ya mwalimu wake. Nilidhani amefurahi kupata nafasi.

Shangazi alipofika, akapewa mwani, zile buni kavu za kahawa za kutafuna, maana mgeni hakai mikono mitupu kwetu. Kemi akamkalia karibu.

"Wasibota waitu," akamsalimu, kisha hakunyamaza tena mpaka Shangazi akacheka akafuta machozi. Jumapili baada ya misa wakaondoka pamoja. Kemi alivaa sweta langu la kijani. Nilisimama njiani nikawaangalia wakipotea katikati ya migomba, na bado sikusema kitu, maana mdomo ulikuwa umeshazoea kufungwa. Nilikuwa nimeshinda. Sijawahi kujutia ushindi wowote kama ule.

Baadaye nikawa mwalimu wa Kiswahili. Chuoni mkufunzi aliandika ubaoni: ishara, taswira, dokezo. Akatueleza kwamba mwandishi hodari hakwambii jambo. Anaweka kitu kidogo mapema, wewe unakipita, kisha kinarudi kukukamata. Wenzangu walikuwa wananakili mbiombio. Mimi niliweka kalamu chini. Yale yote niliyajua tangu jikoni, na nilijua bei yake. Nikawafundisha wanafunzi wangu kushuku: mwandishi akitaja mvua ukurasa wa kwanza, muulize inakuja kumnyeshea nani. Wakanung'unika, "Mwalimu, labda mvua ni mvua tu!" Nikawaambia inawezekana. Sikuwa nimemsahau yule kuku.

Kemi nilimwomba msamaha tukiwa watu wazima, kwenye msiba wa Mama, tumekaa tunamenya ndizi za waombolezaji. Hakuinua hata kichwa.

"Dada, kwani ile hadithi uliisikia peke yako? Nilikuona umenyamaza, nikajua unaogopa. Mimi sikuwa naogopa sana." Akatupa ganda. "Niliogopa baadaye, ndani ya basi."

Kemi mwenyewe alizikwa Kimwani mwaka juzi. Nilikuwa najisifu kwamba nilisoma hadithi vizuri kuliko watoto wote wa Rubafu, na kumbe mtoto wa miaka minane alikuwa ameisoma kuliko mimi.

Leo hii nani anasoma hivyo? Vijana wa sasa hawakuachii kitu cha kushuku. Wajukuu wangu wasipotaka kuja Krismasi wanaandika, "Bibi, hatuji," na kauso ka njano kanakolia machozi mawili, kazi imekwisha. Binti wa jirani alitangaza kwenye simu kwamba uchumba umevunjika, mama yake akasoma pamoja na wilaya nzima. Mwanangu Mugisha, anayefanya kazi Mwanza, nilikuwa namtania kila akipiga simu: "Maneno yenu hayana hata ganda. Hamjui kumfunikia mtu jambo." Alikuwa akicheka tu.

Juzi akaja bila taarifa, katikati ya wiki. Akazunguka kibanja. Akatazama bati, akatazama mguu wangu unaonisumbua tangu masika, akauliza nani ananichotea maji. Nikaanza kuhisi kitu. Saa nane akaingia jikoni, akavuta kigoda, akachukua kisu. Mwanamume wa Kihaya, anamenya ndizi! Aliondoa ganda pamoja na nusu ya ndizi, macho yake hayainuki. Kisha akakohoa.

"Mae, mama yangu," akasema, "kulikuwa na mgomba. Mgomba mzee, umebaki peke yake kibanjani. Mwenye kibanja akaung'oa taratibu, akaupanda mbali, karibu na wanawe. Ukalia siku tatu…"

Mimi mwenyewe ndiye niliyempa hadithi hiyo alipokuwa mdogo. Jinsi nilivyotamani angeniandikia tu kwenye simu, maneno makavu, na kale kauso ka njano! Nilitaka pia kumsahihisha, ualimu hautoki: chipukizi ndilo linalohamishwa. Mgomba mzee ukiung'oa, hauoti.

Lakini sikusema. Nilifunga mdomo, kama nilivyoufunga nikiwa na miaka kumi, nikaendelea kumenya, nikimsubiri Kemi aanze kuongea.