Risasi Haitahiri

Dukani Nyarero wazee wawili walikuwa wakimjadili mgombea wa baraza la wilaya, askari wa zamani wa vita vya Burma. Anataka wasichana wasomeshwe na wasikeketwe.

“Yeye alitahiriwa jeshini, kwa sindano ya ganzi,” alisema mmoja. “Hakusimama mbele ya ngariba na rika lake. Huyo bado mvulana.”

“Lakini alipigwa risasi, ndugu.”

“Risasi haitahiri mtu.”

Mgombea mwenyewe akaingia kununua chumvi, akawaamkia, “Shikamooni, wazee.”

“Marahaba, mtoto.”

Walicheka, na mjukuu wa mmoja wao, aliyekuja kumbebea mzigo, akacheka nao. Mwezi ujao binti huyo atakeketwa, naye atahesabiwa mtu mzima kabla ya askari.